Mstari wa Mawe wa Olympia: Tuliyoyarithi na Tusiyoyarithi kwa Wayunani

Katika masomo ya ufahamu tunayowapa wanafunzi wetu, hakikosekani kifungu kimoja kihusucho Michezo ya Olimpiki. Kifungu hicho huwa na sura moja karibu kila mahali: kwamba Wayunani wa kale waliianzisha michezo ili kuleta amani, kwamba walishindana bila kutaka malipo, kwamba waliukimbiza mwenge, na kwamba mbio za marathoni walizianzisha wao kwa kumkumbuka mjumbe aliyekimbia kutoka uwanja wa vita, akatangaza ushindi, akaanguka, akafa. Sisi nasi tumekifundisha kifungu hicho kwa miaka mingi, tukawauliza watoto maswali matano chini yake, na majibu yao tukayasahihisha kwa wino mwekundu.

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili alituuliza swali ambalo halikuwamo katika yale matano. "Mwalimu," alisema, "kama Wayunani waliacha vita kwa ajili ya michezo, mbona watu wa siku hizi waliacha michezo kwa ajili ya vita?" Alikuwa amesoma mahali kwamba michezo ya mwaka 1916, ya 1940 na ya 1944 haikufanyika kwa sababu ya vita vikuu vya dunia. Hatukuwa na jibu. Tulimwambia aketi, tukaendelea na somo, na aibu ya siku ile ndiyo iliyotupeleka vitabuni. Makala haya ni jibu tunalodaiwa na mwanafunzi yule. Twalitoa mbele ya walimu wenzetu kwa kuwa twadhani wapo wengine waliopata kudaiwa kama sisi.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kusema neno juu ya jina. Watu tunaowataja hapa ndio Wagiriki. Jina "Wayunani" ni la zamani katika Kiswahili. Lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Ionia, sehemu mojawapo ya nchi zao iliyojulikana sana na mataifa ya mashariki. Tutalitumia kwa watu wa kale, na jina "Wagiriki" tutawaachia watu wa zama zetu.

Mahali na hesabu ya miaka

Wanafunzi wengi hudhani kwamba Olympia ni mlima. La hasha. Mlima Olympos, uliosadikiwa kuwa makao ya miungu, uko mbali upande wa kaskazini. Olympia ni bonde lililo katika nchi ya Elis, magharibi ya rasi ya Peloponnesos, hapo mto Kladeos unapoingia katika mto Alpheios. Hapakuwa mji, bali palikuwa mahali patakatifu. Ndani ya kiwanja kilichoitwa Altis yalisimama mahekalu na madhabahu ya Zeus, mkuu wa miungu yao, na katika karne ya 5 K.K. fundi Pheidias alimtengenezea sanamu ya dhahabu na pembe za ndovu, yenye kimo cha mita 12 hivi, iliyohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Michezo, basi, ilikuwa sehemu ya ibada. Katika sikukuu hiyo walichinjwa ng'ombe 100 wa sadaka, na watu wakala nyama yao.

Kwa mapokeo, michezo ya kwanza ilifanyika mwaka 776 K.K., na mshindi wake alikuwa Koroibos wa Elis, ambaye husemwa kuwa alikuwa mpishi. Twasema "kwa mapokeo" kwa sababu orodha ya washindi ilikusanywa na mtaalamu mmoja wa huko huko Elis, jina lake Hippias, karibu na mwaka 400 K.K., yaani zaidi ya miaka 350 baadaye. Koroibos alishinda mbio moja tu, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Mbio hizo ziliitwa stadion, nazo zilikuwa za kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho wake, kama mita 192. Mwaka 724 K.K. ziliongezwa mbio za kwenda na kurudi, na mwaka 720 K.K. mbio ndefu. Mwaka 708 K.K. ilikuja mieleka pamoja na shindano la michezo mitano, nayo ni kutupa kisahani, kutupa mkuki, kuruka, kukimbia na mieleka. Ndondi zilifuata mwaka 688 K.K., na magari ya farasi wanne mwaka 680 K.K.

Walimu wa lugha watapenda kuitazama safari ya neno hilo stadion. Kwanza lilikuwa jina la kipimo cha futi 600. Kisha likawa jina la mbio za urefu huo. Mwishowe likawa jina la mahali penyewe pa kukimbilia, na kwa maana hiyo ya mwisho ndivyo lilivyoenea katika lugha nyingi za Ulaya.

Muda wa miaka minne baina ya sikukuu moja na nyingine uliitwa Olimpiadi. Kila mji wa Wayunani ulikuwa na kalenda yake, majina yake ya miezi na desturi yake ya kuhesabu miaka, hata mtu wa mji mmoja hakuweza kumweleza wa mji mwingine jambo lilitokea lini. Wanahistoria wao walipotafuta hesabu moja ya kuwafaa wote, hawakuona nyingine ila hii ya Olimpiadi. Hili ndilo jambo la kwanza tulilorithi. Kukimbia kulikuwako duniani kote, wala hakuna taifa lililohitaji kufundishwa na Wayunani namna ya kukimbia. Walilolileta wao ni miadi: siku inayojulikana, mahali panapojulikana, inayorudi kwa hesabu isiyobadilika, hata watu wasioelewana katika jambo lolote jingine waelewane katika hilo.

Mstari na kiapo

Katika uwanja wa Olympia mstari wa kuanzia mbio upo hata leo. Ni safu ya mawe yaliyolazwa ardhini kwa upana wa uwanja, na juu yake imechongwa mifereji miwili iliyo sambamba. Mkimbiaji alitia vidole vya miguu yake humo, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma kidogo, akangoja. Mwana wa tajiri na mwana wa mpishi walitia vidole katika mfereji ule ule.

Kabla ya kufika kwenye mawe hayo, mshindani alikuwa na masharti ya kutimiza. Ilimpasa awe amefanya mazoezi kwa muda wa miezi 10, na mwezi wa mwisho akae Elis chini ya macho ya waamuzi. Kisha alisimama mbele ya sanamu ya Zeus mwenye viapo, juu ya vipande vya nyama ya nguruwe, akaapa pamoja na baba yake, ndugu zake na mwalimu wake kwamba hatafanya hila. Waamuzi nao waliapa kutoa hukumu ya haki bila kupokea hongo. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na Wayunani wangalikubali usemi huo bila kubishana.

Deni hilo lilidaiwa. Mkimbiaji aliyetangulia kuanza kabla ya ishara alichapwa viboko mbele ya watu wote. Tukumbuke kwamba katika desturi zao kiboko kilikuwa cha mtumwa, si cha mtu huru. Lakini penye mstari ule uungwana haukumkinga mtu. Mwaka 388 K.K. Eupolos wa Thessalia aliwahonga wapiganaji ndondi watatu ili wamwachie ushindi. Waliogunduliwa walitozwa faini, na kwa fedha zile zikatengenezwa sanamu sita za shaba za Zeus, zikasimamishwa kando ya njia iendayo uwanjani, ili kila mshindani azipite akiwa anakwenda kukimbia. Sanamu zenyewe zimepotea, lakini misingi yake ya mawe ingalipo.

Wala si watu binafsi tu walioguswa na sheria hiyo. Mwaka 420 K.K. waamuzi waliitoza Sparta, dola iliyoogopwa kuliko zote kwa vita vya nchi kavu, faini ya mina 2,000 kwa kupeleka askari vitani wakati uliokatazwa. Sparta ilikataa kulipa, ikafungiwa michezo. Msparta mmoja maarufu, Lichas, aliingiza gari lake la farasi kwa jina la Waboiotia, likashinda, naye asijizuie, akaingia uwanjani kumvisha taji mwendeshaji wake ili watu wajue mali ni ya nani. Wasimamizi wakampiga viboko. Watu wote waliokuwapo waliogopa kwamba jeshi la Sparta litakuja. Halikuja.

Hili ndilo jambo la pili tulilorithi, na kwetu sisi ni kubwa kuliko la kwanza: sheria moja iliyoandikwa kabla ya shindano, waamuzi walioapa, na adhabu iliyotolewa hadharani hata kwa mwenye nguvu. Mwenye kufahamu hayo hatashangaa kuona kwamba katika michezo ya sasa baadhi ya washindani na waamuzi husimama mbele ya umati na kuapa kwa niaba ya wenzao. Kiapo cha wachezaji kilirudishwa mwaka 1920, michezo ilipofanyika Antwerp.

Je, walileta amani?

Sasa twafika kwenye swali la mwanafunzi wetu. Kabla ya kila michezo Elis ilituma wajumbe katika miji yote ya Wayunani kutangaza ekecheiria, neno ambalo maana yake ni "kuzuia mikono". Vitabu vingi husema kwamba tangazo hilo lilisimamisha vita vyote. Halikufanya hivyo. Lilikataza mambo machache yaliyo dhahiri: nchi ya Elis isiingiwe na jeshi, na wasafiri waendao Olympia au warudio makwao wasiguswe njiani, hata wakipita katika nchi ya adui zao. Vita vyenyewe viliendelea. Mwaka 480 K.K., jeshi kubwa la Xerxes, mfalme wa Waajemi, lilipokuwa likishuka kuivamia nchi yao, michezo ilifanyika vile vile. Na mwaka 364 K.K. mapigano yalizuka ndani ya Altis yenyewe, wakati wa michezo, baina ya Waelis na Waarkadia waliokuwa wamepateka mahali hapo. Askari walipigana kati ya mahekalu, na Waelis waliporudishiwa mamlaka yao wakaifuta michezo ya mwaka ule katika hesabu.

Hili ndilo jibu la mwanafunzi yule. Wayunani hawakuvizima vita. Walifungua njia katikati ya vita. Hawakuahidi amani ya ulimwengu, ambayo hawakuwa na uwezo wa kuitimiza; waliahidi usalama wa njia moja kwa muda unaojulikana, na ahadi hiyo ndogo, kwa kuwa iliwezekana, ilitimizwa mara nyingi sana kwa zaidi ya miaka 1,000. Waliofufua michezo katika zama zetu waliahidi jambo kubwa zaidi, yaani udugu wa mataifa yote, na vita vikuu vilipokuja hapakuwa na njia yoyote iliyobaki wazi. Mwaka 1993 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zishike mapatano ya Olimpiki, na maazimio ya namna hiyo yamerudiwa mara nyingi tangu hapo. Mwenye kuyasoma atayapima kwa kipimo cha Elis: si kwa ukubwa wa maneno, bali kwa kuuliza ni msafiri yupi aliyepita salama kwa ajili yake.

Taji na malipo

Mshindi wa Olympia alipewa taji la matawi ya mzeituni mwitu, basi. Hapakuwa na zawadi ya wa pili wala ya wa tatu. Kwa kuliona taji hilo, watu wa karne ya 19 walidai kwamba Wayunani walishindana kwa heshima tupu. Lakini tuulize mshindi alipokeaje akirudi kwao. Athens ilimlisha bure katika nyumba ya serikali muda wote wa maisha yake, na sheria inayohusishwa na Solon, ya mwanzoni mwa karne ya 6 K.K., ilimpa drakma 500. Katika michezo ya Athens yenyewe zawadi zilikuwa mitungi ya mafuta ya zeituni, mali ya kuuzika.

Neno lenyewe latoa ushahidi. Jina ambalo lugha za Ulaya humpa mwanariadha latokana na athlon la Kiyunani, maana yake zawadi ya mshindi. Kwa asili yake, basi, ni mtu ashindaniaye zawadi. Kiswahili kilichukua njia nyingine: "riadha" ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ni mazoezi ya mwili. Wao walimwita mtu kwa kile alichokitazamia mwishoni. Sisi twamwita kwa kile anachokifanya kila siku asubuhi.

Sharti la kwamba mchezaji asipokee malipo halikutoka Olympia. Lilitoka Uingereza ya karne ya 19, ambako watu wenye nafasi hawakupenda kushindana na wafanya kazi za mikono. Sharti hilo liliwaumiza wengi. Jim Thorpe, Mmarekani wa asili ya Wahindi Wekundu, alishinda mashindano mawili ya michezo mingi mwaka 1912, akanyang'anywa nishani zake mwaka 1913 kwa sababu aliwahi kupokea fedha kidogo kwa kucheza mpira. Alifariki mwaka 1953, na ushindi wake haukurudishwa ila mwaka 1982.

Lango la lugha

Tumewasifu Wayunani kwa mstari wao. Haki yatutaka tuseme pia ni nani hakuruhusiwa kuufikia. Mtumwa hakuruhusiwa kushindana. Mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa hata kutazama, isipokuwa kuhani mmoja wa mungu wa kike Demeter. Wasichana walikuwa na mbio zao za pekee kwa heshima ya Hera, zilizopunguzwa sehemu moja katika sita ya urefu wa uwanja. Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, alishinda mara mbili, mwaka 396 na mwaka 392 K.K., lakini kwa sababu tu kwamba ushindi wa magari ulihesabiwa kuwa wa mwenye farasi, si wa mwendeshaji.

Na mgeni hakuruhusiwa. Waamuzi wenyewe waliitwa kwa jina lenye maana ya "waamuzi wa Wayunani". Alexander wa Kwanza, mfalme wa Makedonia, alipokuja kukimbia, washindani wenzake walimkataa kuwa si Myunani, hata akalazimika kuthibitisha kwamba ukoo wake ulitoka Argos. Watu wasio Wayunani waliitwa barbaroi. Neno hilo ni mwigo wa sauti: watu ambao maneno yao, masikioni mwa Myunani, yalikuwa "bar-bar" tu, kelele isiyo na maana. Ndilo neno ambalo baadaye, katika lugha za Ulaya, lilipata maana ya mshenzi.

Hapa sisi walimu wa lugha tusipite upesi. Lugha iliyowakusanya watu wa mamia ya miji yenye ugomvi, ikawapa hesabu moja ya miaka na kiapo kimoja, ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa lango la kuwafungia wengine nje. Wanafunzi wetu husikia lugha tatu au nne kabla ya kuingia darasani, na Kiswahili wengi wao wamejifunza sokoni, njiani na shuleni, si kwa mama. Basi twajua kwa maisha yetu kwamba lugha inaweza kuwa uwanja na inaweza kuwa ukuta, na kwamba tofauti haimo katika sarufi yake bali katika nia ya wenye kuisema.

Baada ya Roma kuitawala nchi ya Wayunani, lango lilianza kulegea, lakini kwa jinsi isiyopendeza. Mwaka 67 B.K. Kaisari Nero aliifanya michezo iahirishwe ili imngoje yeye, akaendesha gari la farasi kumi, akaanguka, asimalize, akatangazwa mshindi. Alipokufa ushindi wake ulifutwa. Michezo iliendelea hata mwishoni mwa karne ya 4, wakati Kaisari Theodosius wa Kwanza alipopiga marufuku ibada za miungu ya kale. Mwaka 393 B.K. ndio unaotajwa kwa kawaida kuwa mwisho. Mitetemeko ya ardhi ikaangusha mahekalu, na matope ya mito miwili yakafunika mstari wa mawe.

Yaliyobuniwa katika zama zetu

Wachimbaji wa Kijerumani waliifukua Olympia kati ya mwaka 1875 na 1881. Wagiriki wenyewe walikuwa wamekwisha kujaribu kuifufua michezo mjini Athens mwaka 1859, kwa mali ya tajiri Evangelos Zappas. Mwezi Juni 1894, katika mkutano uliofanyika Paris, Mfaransa Pierre de Coubertin alipata kibali cha mataifa kadhaa, na Aprili 1896 michezo ya kwanza ya sasa ikafunguliwa Athens.

Mbio za marathoni zilizaliwa hapo. Olympia haikuzijua kamwe. Mbio zake ndefu kupita zote hazikufika kilomita 5. Aliyezipendekeza alikuwa Michel Bréal, rafiki wa Coubertin, na tunafurahi kuwaarifu wenzetu kwamba hakuwa mkimbiaji wala askari, bali mtaalamu wa lugha, yule yule aliyeipa jina elimu ya maana za maneno, semantiki. Yeye ndiye aliyetoa kikombe cha fedha kwa mshindi, akakipata Mgiriki Spyridon Louis. Na yule mjumbe aliyeanguka akafa? Herodotos, aliyeandika katika karne ile ile ya vita vya Marathon vya mwaka 490 K.K., hamtaji. Anataja mjumbe mwingine, aliyetumwa kabla ya vita kukimbia kutoka Athens hadi Sparta kuomba msaada, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Habari ya mjumbe wa kufa imo katika vitabu vilivyoandikwa zaidi ya miaka 500 baada ya vita. Kwa hiyo kila mwaka tumekuwa tukiwauliza watoto, "Mjumbe alikufa kwa nini?", na kuwapa alama mbili kwa jambo ambalo pengine halikutokea.

Mwenge nao una habari yake. Athens ya kale ilikuwa na mbio za kupokezana mwenge kwa ajili ya ibada, lakini michezo ya Olympia haikuwa nazo. Safari ya mwenge kutoka Olympia hadi mji wa michezo ilianzishwa mwaka 1936, michezo ilipofanyika Berlin chini ya utawala wa Hitler, na aliyeipanga ni Mjerumani Carl Diem. Nishani za dhahabu, fedha na shaba zilianza mwaka 1904. Pete tano zilichorwa na Coubertin mwaka 1913. Hatusemi kwamba mambo haya ni mabaya kwa kuwa ni mapya. Twasema tu kwamba mtoto ana haki ya kujua umri wa kitu anachofundishwa kukiheshimu.

Lango lilipofunguliwa

Na jambo bora kuliko yote yaliyobuniwa ni kule kufunguliwa kwa lango. Halikufunguliwa kwa siku moja. Wanawake hawakushindana mwaka 1896. Waliingia mwaka 1900, nao wachache. Afrika ya Kusini, iliyowabagua watu wake kwa rangi, ilifungiwa tangu michezo ya mwaka 1964 hadi iliporudi mwaka 1992. Na mwaka 1976 zaidi ya nchi 20 za Afrika zilijitoa katika michezo ya Montreal kwa sababu ya New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza Afrika ya Kusini. Mwenye kukumbuka faini ya Sparta ataona kwamba si jambo geni: sheria ya mstari ni kwamba asiyeitii asiusogelee.

Gharama yake twaijua hapa kwetu Uganda. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, John Akii-Bua alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kuteremka chini ya sekunde 48. Siku tatu baadaye watu wenye silaha waliingia katika kijiji cha wanamichezo, na Waisraeli 11 wakauawa. Ekecheiria ilivunjwa ndani ya Altis kama ilivyovunjwa mwaka 364 K.K. Na mwaka 1976, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi zilizojitoa, Akii-Bua hakupata nafasi ya kuutetea ushindi wake.

Mwaka 1968, katika marathoni ya Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari aliumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Katika Olympia ya kale asingetajwa, kwa maana hapo hata wa pili hakutajwa. Leo jina lake lajulikana na wengi wasiojua nani alishinda siku ile. Na mwaka 2021 mjini Tokyo, katika michezo iliyokuwa ifanyike mwaka 2020, Peruth Chemutai alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Kwa sheria ya Elis angekataliwa mara mbili: kwa kuwa ni mwanamke, na kwa kuwa lugha ya mama yake ni "bar-bar".

Tufundishe nini?

Tukijumlisha, twaona kwamba yaliyo ya Wayunani kwa kweli ni haya: miadi isiyobadilika, mstari mmoja kwa wote waliouruhusiwa, kiapo, mwamuzi, adhabu ya hadharani, na njia salama katikati ya vita. Yasiyo yao ni amani ya ulimwengu, kushindana bila malipo, mbio za marathoni, safari ya mwenge, na lango lililo wazi. Yale ya kwanza tuyashukuru. Hayo ya pili tuyahesabu kuwa ni mali na dhima yetu wenyewe, maana kitu tulichokibuni sisi hatuwezi kuwasingizia wahenga kinapoharibika.

Sisi tumekwisha kukiandika upya kifungu chetu cha ufahamu. Mjumbe wa Marathon tumemwacha, kwa sababu hadithi yake ni nzuri, lakini tumeieleza kuwa ni hadithi. Swali la tano sasa ni lile tulilolishindwa siku ile, na majibu yake hayafanani daftari hata daftari. Mwanafunzi aliyeliuliza alikwisha kumaliza shule kabla hatujalipata jibu. Ikiwa makala haya yatamfikia popote alipo, na aione hati ya mwalimu wake ikisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi kuuliza. Na mwenzetu yeyote aliye na kifungu bora kuliko chetu twamwomba akilete katika kurasa hizi, tukitumie sote.